Kulala kwenye ukingo wa Nyiragongo: tathmini ya vibanda vya kileleni

Juu ya Nyiragongo, volkano iliyo kaskazini ya mji wa Goma, mashariki ya Kongo, mita 3,470 kutoka usawa wa bahari, chini kidogo tu ya mdomo wa volkano, kuna vibanda kumi na viwili vya umbo la pembetatu. Kila kimoja ni cha watu wawili. Ndani kuna magodoro na mlango, basi. Umeme hakuna, bomba hakuna, jiko hakuna. Kibanda kina kazi moja tu, kukata upepo, na kazi hiyo kinaifanya vizuri. Yote yanayofuata hapa yanategemea kama msomaji anakubali kulipia kazi hiyo moja na kujibebea mengine mgongoni.

Huko Marekani idara ya misitu hukodisha vibanda vya zamani vya walinzi wa moto, vilivyojengwa juu ya vilele ili mtu akae humo kiangazi kizima akichunguza moshi unatokea upande gani wa msitu. Mtu aliyelala kwenye kimoja cha vile angezoea Nyiragongo haraka: mbao, upepo, choo cha nje, kimya. Tofauti ni kwamba hapa hakuna haja ya kuutafuta moto. Unajulikana uko wapi.

Kabla pesa haijatoka mfukoni

Mlima huu umefungwa na kufunguliwa mara nyingi. Mwaka 2018 ulifungwa pamoja na hifadhi nzima ya Virunga baada ya watalii kutekwa nyara, ukafunguliwa tena 2019. Mwaka 2020 ikaja korona. Tarehe 22 Mei 2021 mlima wenyewe ukapasuka, na vita kando ya barabara ya Goma kwenda Rutshuru haviachi njia wazi kwa muda mrefu. Kwa hiyo swali la kwanza si bei. Ulizeni kama njia iko wazi wiki hii, na muulize hifadhi yenyewe, si kijana mwenye picha za lava kwenye simu anayetaka nusu ya malipo leo leo.

Na picha hizo zitazameni tarehe. Nyingi zinazozunguka ni za kabla ya 2021, wakati ziwa la lava lenye upana wa mita mia mbili hivi lilikuwa likichemka ndani ya shimo. Ziwa hilo lilimwagika siku ya mlipuko. Tangu hapo wekundu ndani ya shimo ni jambo la kuulizia kila mara, si la kuahidiwa. Anayeuza safari kwa ahadi ya ziwa la lava anauza mali isiyo yake.

Swali la pili ni rangi. Observatoire Volcanologique de Goma (OVG), kituo cha kuchunguza volkano, hutangaza hali ya volkano kwa rangi nne: kijani, manjano, chungwa na nyekundu. Watu wa Goma wanazijua, ila wengi wanazisikiliza kama habari za mji tu. Kwa mpandaji zina maana ya moja kwa moja. Manjano ni kuwa macho, na kwa volkano hii ndiyo rangi iliyozoeleka. Ikifika chungwa, safari imekwisha hata kama umeshalipa, umepanga mpagazi na umekaanga sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Ndiyo maana inafaa kuuliza mapema, na kupata jibu kwa maandishi: wakifunga njia, pesa inarudi au inahamia tarehe nyingine?

Kuhusu bei yenyewe: kwa miaka mingi bei iliyotangazwa kwa mgeni wa nje ilikuwa dola 300, ikijumlisha ruhusa ya kupanda, kiongozi, walinzi wenye silaha na nafasi kwenye kibanda. Mpagazi, chakula na mfuko wa kulalia vilikuwa juu ya hiyo. Raia wa Kongo na mkazi wa Goma aulize bei yake mwenyewe, karte ya mpiga kura ikiwa mkononi, kabla ya kukubali ile ya mgeni. Ukiihesabu kwa godoro peke yake, hili ni godoro ghali sana. Ukihesabu usiku mmoja juu ya shimo lenye upana wa zaidi ya kilomita, taa za Goma na Gisenyi ya Rwanda zikiwa chini kusini, na wekundu wa Nyamulagira, volkano jirani, kaskazini-magharibi inapokuwa imeamka, hesabu inabadilika.

Kilomita nane

Njia huanzia kituo cha walinzi cha Kibati, kaskazini ya mji, kwenye mita 1,870 hivi. Ni kilomita nane na karibu mita 1,600 za kupanda, yaani kwa kila mita tano unazotembea unapanda moja. Mtu wa kawaida hutumia saa nne hadi sita. Kuondoka Kibati saa nne ya asubuhi (10h00) ndiyo mwisho mzuri. Ukichelewa zaidi, utafika juu jua likizama, na saa ya kwanza kule juu ndiyo inayoamua usiku wote, kama tutakavyoona.

Sehemu ya kwanza ni msitu, na inadanganya. Njia ni laini, kivuli kipo, mtu anaongea na kucheka na kuwapita wapagazi. Wapagazi wanamwacha apite. Wanajua watamkuta mbele amekaa juu ya jiwe. Mwendo sahihi hapa ni ule unaokuruhusu kusema sentensi nzima bila kukatisha pumzi, ukishindwa, punguza. Matope yanakuwepo karibu mwaka mzima.

Kisha njia inaingia kwenye lava ya tarehe 17 Januari 2002, ile iliyoshuka ikapita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya kiwanja cha ndege na kuishia Ziwa Kivu. Juu huku haijawa zege gumu kama ile ya mjini. Ni vijiwe vyeusi vyepesi vyenye matundu, vinavyobingirika chini ya kiatu, na vina makali ya chupa iliyovunjika. Hapa ndipo watu wanaanguka, na wanaangukia mikono. Glavu za kazi za friperi (mitumba), zile za ngozi au kitambaa kizito, zinapatikana mtaa wa Birere, Goma, kwa bei ndogo na zina faida kuliko kifaa chochote cha dukani. Fimbo pia. Moja inatosha kupanda, mbili ni bora kushuka.

Viatu vinaleta ubishi usioisha. Boti za plastiki zinashinda kwenye matope na zinashindwa kwenye lava, kwa sababu hazishiki kifundo cha mguu, na mguu unateleza ndani yake wakati wa kushuka. Viatu vya kufunga juu ya kifundo, vyenye soli nene yenye meno, ndivyo vinavyofaa. Viatu vipya ni kosa: vivaeni wiki mbili mjini kwanza. Raba za mpira wa miguu zinafika juu, zinarudi chini, na siku inayofuata zinatupwa.

Ukipita kando ya Shaheru, kreta ya zamani iliyolala ubavuni mwa mlima, miti inaanza kuwa mifupi. Hapa na pale mvuke unatoka kwenye nyufa. Usikae kupumzika kwenye shimo wala bonde dogo hata kama upepo haufiki humo. Sababu kila mtoto wa Goma anaijua: mazuku. Gesi ya kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa, inajaa sehemu za chini kama maji, haina rangi wala harufu. Inasemwa sana kwa habari ya mashimo ya kando ya ziwa, lakini kanuni ni ileile kila mahali volkano inapopumua. Neno lenyewe wataalamu wa volkano wa nchi nyingine wamelichukua kutoka kwetu. Pumzika palipoinuka, upepo ukupige kidogo.

Sehemu ya mwisho ni fupi na ni kali. Mimea mikubwa ya lobelia, mawe matupu, upepo. Hewa ya kule juu ni nyembamba, kama theluthi mbili ya ile ya pwani. Mkazi wa Goma amezoea mita 1,500, kwa hiyo ana nafuu kidogo kuliko mgeni aliyeshuka jana kwenye ndege, lakini nafuu hiyo si kinga. Kichwa kugonga kidogo na hamu ya kula kupotea ni kawaida. Kutapika mfululizo, kuyumba kama mlevi au kushindwa kuvuta pumzi ukiwa umekaa si kawaida, na dawa yake ni moja: kushuka, hata kama ni usiku na hata kama kibanda kimelipiwa. Pombe iacheni mjini.

Jasho ndilo linaloharibu usiku

Malalamiko mengi juu ya vibanda hivi yanahusu baridi. Ukichunguza, baridi yenyewe si ya ajabu. Kutoka Goma hadi kileleni ni karibu mita 2,000, na joto hupungua nyuzi sita hadi saba kwa kila mita 1,000. Usiku wa Goma wa nyuzi 15 unakuwa nyuzi moja hadi tatu kule juu, na upepo unaifanya ionekane chini ya sifuri. Mfuko mzuri wa kulalia unaimudu baridi hiyo. Kinachoshinda mfuko ni mtu kuingia ndani yake akiwa ameloa.

Mambo yanavyokwenda ni hivi. Mtu anafika juu akiwa na jasho hadi kwenye soksi. Anasikia sauti ya shimo, anatupa begi mlangoni, anakimbilia ukingoni na simu. Anakaa huko nusu saa akipiga picha, fulana mbichi ikiwa imebana mgongo na upepo ukiikausha kwa joto la mwili wake. Anaporudi kibandani anatetemeka, na mwili hauna tena nguvu ya kujipasha. Anavaa pulova juu ya fulana ileile. Saa nane ya usiku bado anatetemeka, na asubuhi anasema vibanda havifai.

Utaratibu unaofaa ni wa kuchosha lakini unafanya kazi. Panda ukiwa umevaa kidogo, fulana moja nyepesi, hata kama unasikia baridi dakika kumi za kwanza. Kwenye mapumziko ya mwisho kabla ya mwinuko mkali, kula kitu na unywe. Ukifika juu, ingia kibandani kwanza. Vua kila kitu hadi ngozini, jipanguse kwa kitenge kikavu, vaa nguo kavu ambazo hazijatoka kwenye mfuko tangu Goma: fulana ya mikono mirefu, pulova, koti, suruali ya pili, soksi za sufu, kofia inayofunika masikio. Tandika mfuko wa kulalia ili uanze kuvimba. Halafu nenda ukatazame volkano. Imekaa pale tangu zamani, itakungoja dakika kumi.

Nguo kavu zitabaki kavu tu kama zimefungwa vizuri. Koti la begi peke yake halizuii mvua ya mlima huu. Weka nguo na mfuko wa kulalia ndani ya mfuko mzito wa plastiki, toa hewa, pinda mdomo wake mara mbili na uufunge kwa mpira wa baiskeli. Pamba haifai karibu na ngozi, kwa kuwa inakunywa jasho na kulihifadhi. Sufu au kitambaa cha jezi kinakauka haraka. Jinzi ni nguo mbaya kuliko zote kwa safari hii. Ikiloa inakuwa nzito kama mkeka uliotolewa ziwani na haikauki hadi urudi Goma.

Kibanda chenyewe

Tukirudi kwenye kitu kinachokodishwa: nafasi ya ndani inatosha watu wawili na mizigo yao ikiwa mizigo imepangwa miguuni. Mtu mrefu atasimama wima katikati tu, kwa sababu paa linashuka pande zote mbili. Magodoro yanatosha. Leteni shuka au kitenge cha kutandika, na turubai dogo la kuweka chini ya godoro ikiwa sakafu ina unyevu.

Tatizo la kweli la kibanda cha namna hii ni maji yanayotoka kwa wenye kulala. Watu wawili wakipumua usiku mzima ndani ya chumba kidogo kilichofungwa, mvuke wao unagonga paa baridi, unageuka matone, na kufikia alfajiri unawarudia usoni. Wengi wanadhani paa linavuja. Acheni mlango wazi kidole kimoja, upande usiopigwa na upepo, hata kama moyo unakataa. Kichwa kisiguse ukuta. Funika sehemu ya miguu ya mfuko kwa koti la mvua. Nguo zilizoloa zisianikwe ndani. Hazikauki, zinaongeza mvuke tu.

Chuma hakidumu huku. Moshi wa volkano una salfa, ukichanganyika na unyevu unakuwa asidi inayokula misumari, bawaba na mabati. Mkipewa kibanda, kabla hamjafungua mizigo, fungeni na kufungua mlango mara tatu. Komeo likikwama mchana, usiku litakwama zaidi. Sukumeni ukuta kwa mkono kusikia kama kuna ubao unaocheza. Kama vibanda vingi viko wazi, chagueni kile ambacho mlango wake hauutazami upepo wa siku hiyo, hata kama kingine kina mandhari nzuri zaidi. Mandhari iko hatua ishirini kutoka kila kibanda.

Choo ni cha nje, kwenye mteremko. Nendeni mara moja kabla ya giza ili miguu ijifunze njia. Usiku tumieni tochi ya kichwani, si simu, kwa sababu mikono yote miwili inahitajika. Karatasi mnabeba wenyewe.

Na jambo lisilo na mjadala: mbabula, yaani jiko la makaa, haiingii kibandani. Wala haiwekwi mlangoni "kwa dakika tano tu ya kupasha". Makala yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi nyingine, kaboni monoksidi, ile inayoua watu wamelala, wala haiamshi mtu kwa kikohozi. Kila anayeishi Kivu amewahi kusikia nyumba iliyopoteza watu hivyo. Baridi ya kileleni ndiyo inayowashawishi watu kusahau.

Maji na chungu

Mlimani hakuna chemchemi wala mto. Mvua ikinyesha inazama moja kwa moja kwenye mawe. Hesabu lita tano kwa mtu mmoja: mbili za kupanda, mbili za jioni na asubuhi pamoja na kupika, moja ya kushuka. Usidanganywe na wazo la kukinga maji ya paa. Mvua inayopita kwenye moshi wa Nyiragongo huwa na asidi na floridi, na vijiji vilivyo upande unaopelekewa moshi vimejua madhara yake kwenye meno.

Lita tano ni kilo tano, na hapo mpagazi anaingia kwenye hesabu. Maji kilo tano, mfuko wa kulalia mbili, nguo kavu mbili, chakula mbili, makala na sufuria tatu: kilo kumi na nne kwa mtu mmoja. Asiyezoea asijaribu kuzibeba zote. Mpagazi anapatikana Kibati. Bei ikubaliwe pale pale mbele ya kiongozi, ya kwenda na kurudi pamoja na usiku wake juu. Muulize pia kama ana kitu cha kujifunika. Wengine wanapanda na koti jembamba tu, na si haki mtu abebe mfuko wako wa kulalia halafu yeye atetemeke. Bidoni ya lita tano hubebwa vizuri kuliko chupa nyingi ndogo, lakini kila mtu awe na chupa yake ya lita moja na nusu mkononi.

Kwa kupika, kumbukeni kwamba kule juu maji yanachemka kwenye nyuzi 88 hivi, si 100. Povu linaonekana, sufuria inanguruma, lakini chakula hakiivi kama Goma. Maharagi makavu hayaivi usiku huo. Wali unaiva nusu na kukaa mgumu katikati. Ugali unawezekana kwa subira, ila unakula makala. Busara ni kupika mjini na kupasha mlimani: maharagi yaliyochemshwa tayari kwenye chombo chenye kifuniko, au mchuzi mzito wa nyama. Vinavyoliwa bila moto vinafaa zaidi: chapati nne kwa mtu, mayai ya kuchemsha, sambaza zilizokaangwa hadi kukauka, karanga, ndizi, na kipande cha fromaji (jibini) ya Masisi, ambayo baridi haiidhuru na mafuta yake yanapasha mwili usiku. Kileni hata kama hamu haipo.

Kilo mbili za makala zinatosha watu wawili kupasha jioni na kuchemsha chai asubuhi. Yanawaka polepole kwa sababu ya hewa nyembamba. Bebeni vijiti vikavu vya kuwashia ndani ya plastiki, jengeni ukingo wa mawe upande upepo unapotoka, na anzeni na rundo dogo. Maji ya mwisho ya moto yasimwagwe. Yajazeni kwenye chupa ngumu isiyovuja, ivisheni soksi, iwekeni kati ya mapaja ndani ya mfuko wa kulalia. Joto lake linadumu saa tatu au nne, na asubuhi mna maji ya kunywa ambayo si barafu.

Ukingoni

Ukingo wa shimo hauna ua wala kamba. Mawe yake yamelegea na sehemu nyingine zimening'inia bila kitu chini. Mwaka 2007 mtalii mmoja alianguka humo akafa. Simameni hatua mbili nyuma ya pale macho yanapowavutia, mkitaka kuchungulia laleni kifudifudi, na msirudi kinyumenyume kwa ajili ya picha. Kiongozi akisema "Papa, ludia nyuma," hakuna maswali.

Ukungu ndio unaowakatisha watu tamaa, na hakuna kibanda kinachoweza kuurekebisha. Kuanzia Juni hadi Agosti mvua ni chache, na Januari hadi Februari huwa na nafuu. Aprili na Novemba ni bahati nasibu. Lakini hata mwezi mzuri shimo linaweza kujaa wingu jioni nzima. Ujanja ni kulala mapema na kuamka kwa zamu. Wingu hufunguka kwa vipindi, mara nyingi kati ya saa nane na saa kumi ya usiku, na kipindi kimoja kinaweza kudumu robo saa tu. Wekeni viatu na koti karibu na mlango ili mtoke ndani ya dakika mbili. Simu ilale ndani ya mfuko wa kulalia pamoja nanyi, kwani baridi inamaliza betri iliyokuwa na nusu. Na zimeni rominga: juu huko simu hushika mtandao wa Rwanda bila kuuliza ruhusa.

Moshi kwa kawaida hupelekwa magharibi, mbali na njia. Upepo ukigeuka, koo linawasha, macho yanatoa machozi, kikohozi kinaanza. Hiyo ni salfa. Ondokeni ukingoni, shukeni upande wa vibanda au chini zaidi, mfunike pua kwa kitambaa kilicholoweshwa. Kitambaa kinapunguza kidogo tu, kinachosaidia ni kuondoka. Mwenye pumu asilale huku. Hilo ndilo kundi ambalo hatulipendekezei vibanda hivi kwa hali yoyote, pamoja na wenye magoti mabovu, kwa sababu ya kinachokuja asubuhi.

Kushuka huchukua saa tatu au nne, na ndiko kunakoumiza. Kateni kucha za miguu siku mbili kabla ya safari, la sivyo zile za vidole gumba zitageuka nyeusi. Kabla ya kuanza kushuka, kazeni kamba za viatu sana kwenye kifundo ili vidole visigonge mbele. Hatua fupi, magoti yakiwa yamepinda kidogo, fimbo zikitangulia. Kwenye lava ya 2002 acheni nafasi ya mita tano kati ya mtu na mtu, maana jiwe analoliachilia wa juu linamfikia wa chini.

Kabla ya kufunga mlango, inueni godoro muone kama kuna kitu kimebaki chini, na simamisheni godoro ukutani lipate hewa. Taka zote zinashuka, maganda ya mayai pamoja. Kule juu hayaozi upesi. Majivu ya mbabula mwagieni maji yaliyobaki, muyaguse kwa mkono, ndipo muyafunge. Mpigieni simu motari au dereva mkiwa bado kwenye lava, si mkishaingia msituni, ambako mtandao hupotea hadi karibu na Kibati. Na mwambieni aje na bidoni ya maji, kwa kuwa vumbi jeusi la mlima huu likiingia kwenye kiti cha gari la mtu, mtalipia tena.